Mwongozo wa Kupendeza Mbele ya Tanuri

Mfinyanzi hulia gaeni. Wahenga walisema hivyo kuhusu chakula, na sisi tumeitii methali mpaka kwenye mavazi: anayeufinyangia mji mzima vyungu vya pilau hushika moto kwa kipande cha gunia. Hali hii inatia aibu fani. Siku hizi kila kazi ina sare yake. Bodaboda ana kizibao, mlinzi ana kofia, hata kamati ya harusi ina kitambaa chake. Mfinyanzi je?

Mwongozo huu umeandikwa kuziba pengo hilo. Unamhusu kila anayesimama karibu na moto wa vyungu: mwenye tanuri la umeme uani kwake, fundi wa tanuri la gesi, mwenye tanuri la kuni lililojengwa kwa matofali, na yule anayechomea uwanjani kwa nyasi na magogo, kama wanavyofanya akina mama wa Kikisi kando ya Ziwa Nyasa, ambao vyungu vyao huuzwa sokoni Matema. Kanuni kuu ni moja: vaa ili uonekane. Tatizo dogo ni kwamba moto hauna macho. Hausomi nembo kifuani wala haujali rangi imekukaaje. Unataka kujua mambo matatu tu: nguo yako imefumwa kwa uzi gani, umesimama umbali gani, na utakaa hapo muda gani. Lakini hayo ni maswali ya watu wasiojua mitindo. Tuendelee.

Namba zisikuharibie siku

Kichomo cha uwanjani kwa kawaida hufika kati ya nyuzijoto 600 na 900. Tanuri la vyombo vya udongo mwekundu huenda mpaka 1,000 na kitu. La vyombo vigumu vyenye glezi (utando wa kioo), vile visivyovuja hata vikishinda na maji, hufika 1,200 mpaka 1,300. Ngozi ya binadamu kwa upande wake ikigusa kitu chenye nyuzi 60 huungua ndani ya sekunde chache. Kikiwa na 70, sekunde moja inatosha. Ukizipanga namba hizi pamoja unaweza kukosa hamu ya kazi. Usizipange.

Puuza pia habari ya mionzi. Wapo watakaokuambia kwamba tanuri huunguza bila kuguswa, kwa sababu joto hutoka kwenye tundu la tanuri kwa mionzi isiyoonekana, na kwamba mionzi hiyo haipandi taratibu sambamba na namba za kipimo: tanuri la nyuzi 1,280 hutoa zaidi ya mara mbili ya lile la nyuzi 1,000. Ndiyo maana fundi aliyezoea kuchoma vyungu vya maua, siku akihamia kwenye glezi za joto la juu, anasimama palepale alipozoea kusimama, kisha anajiuliza nyusi zimekwenda wapi.

Jezi kwanza

Vazi linalopendwa mbele ya matanuri ya Afrika Mashariki ni jezi ya mpira. Simba au Yanga, Gor Mahia au AFC Leopards, Arsenal au Manchester United, hapa ushabiki hauna maana, kwa sababu jezi za siku hizi karibu zote ni polista. Ni nyepesi, inakauka upesi, na huyeyuka ikikaribia nyuzi 260. Pamba ikishika moto huwaka ikawa jivu. Polista huyeyuka ikawa uji wa moto, ukaganda ngozini na kuendelea kuunguza hata mwali ukishazimwa. Faida yake ni kwamba daktari atakayekuwa akikibandua kitambaa hicho atajua wewe ni wa timu gani bila kukuuliza. Kikulacho ki nguoni mwako, tena kina namba mgongoni.

Wenye tahadhari huchagua nguo ya mchanganyiko, nusu pamba na nusu polista, wakidhani wamepatanisha pande mbili. Wamezipatanisha kweli. Polista inayeyuka, pamba inaishikilia isidondoke, na zote mbili zinawaka kwa ushirikiano ambao vyama vyetu vya msingi havijawahi kuufikia.

Kisha kuna reflekta, kizibao cha njano au chungwa chenye mistari ya kung'aa. Kilibuniwa ili dereva akuone usiku. Hakuna lori linalopita ndani ya tanuri, lakini hakuna ripoti ya mradi iliyowahi kukamilika bila picha ya kikundi cha akina mama wafinyanzi wamejipanga mbele ya moto wakiwa na reflekta mpya, mkunjo wa mfukoni bado unaonekana. Nacho ni polista, na mistari yake ni plastiki. Kama bajeti ya mradi ni nono, wataongeza fulana yenye nembo ya mfadhili na maneno "Pamoja Tunaweza". Hiyo nayo ni polista. Fedha za glavu zitatafutwa awamu ya pili.

Wakaidi wachache watataka kujua nguo ni ya uzi gani kabla hawajainunua. Lebo haiwasaidii, kwa kuwa nguo ya mtumba mara nyingi imekatwa lebo, na nguo mpya inaweza kuandikwa pamba kwa matumaini tu. Hao wana kawaida ya kuudhi: wanachomoa uzi mmoja kwenye pindo, wanaushika kwa kibano cha nyusi, wanausogezea kiberiti. Uzi wa pamba huwaka upesi kwa mwali wa njano, hunuka karatasi iliyoungua, na huacha jivu la kijivu linalosagika vidoleni. Sufu hujikunja, hunuka nywele zilizoungua, na mara nyingi hujizima yenyewe ukiondoa kiberiti. Polista hujivuta kuukimbia mwali, huyeyuka huku ikitoa moshi mweusi, kisha huacha kishanga kigumu kisichosagika hata ukikibana kwa kucha.

Ukifanya jaribio hili katikati ya soko la Karume au Gikomba, utaulizwa, "Dada yangu, umekuja kununua au kuteketeza?" Jibu kwa upole kwamba unataka kuona nani ataanza kuteketea, wewe au shati. Muuzaji atakupunguzia bei ili uondoke.

Hapohapo kwenye mtumba kuna siri nyingine, nayo inaning'inia kwenye kona asikopita mtu: koti zito la sufu lililotoka Ulaya. Sufu haiyeyuki, na haishiki moto mpaka joto likaribie nyuzi 600. Dar es Salaam hakuna anayelitaka, kwa hiyo bei yake ni ya huruma. Ukilivaa Februari utatoka jasho mpaka soksi, na majirani watakuombea dua. Mfinyanzi wa Makete au Njombe, ambako baridi haina mzaha, analivaa asubuhi kwa baridi na jioni kwa tanuri, na hakuna anayemshangaa. Wa pwani atosheke na jinzi na shati la mikono mirefu, vyote vya pamba tupu, kitambaa kizito.

Kichwa na mapambo yake

Hapa tuwe waangalifu, maana ni eneo la watu na heshima zao. Rasta za kusukia, wigi na kope za kubandika, kwa sehemu kubwa ni nyuzi za viwandani. Zikisogezwa tunduni hujikunja, huyeyuka, na hubadilisha mtindo wa nywele bila kumwita msusi. Kucha za bandia nazo ni plastiki, na gundi yake haipendi moto. Kama umelipia saluni fedha nzuri, itakuwa hasara kuzifunika. Ziache hewani ili wateja wazione.

Asiyejali hasara hiyo hukusanya nywele zote kisogoni na kuzifunga kitambaa cha pamba, ncha zake akizichomeka ndani. Kanga nayo siku hizi ina mambo. Ya zamani ilikuwa pamba. Nyingi za bei ndogo zinazouzwa leo ni polista, zinateleza mkononi na kung'aa kuliko ilivyo kawaida. Abaya nyingi na kanzu nyingi ni vivyo hivyo. Jaribio la kiberiti halibagui vazi. Anayejisitiri kwa mtandio hana haja ya kuuvua. Ahakikishe tu kwamba ni wa pamba, kisha aufunge karibu na mwili, usiwe na ncha ya kuning'inia inayoweza kuingia tunduni kabla yake.

Chungulia kwa kujiamini

Tanuri zuri lina tundu la kuchungulia. Ndani yake husimamishwa koni, vipiramidi vidogo vya udongo maalumu vinavyoinama joto likitimia. Hermann Seger alivitengeneza Berlin mwaka 1886, na mpaka leo vinasema kweli kuliko vipimo vingi vya umeme. Kuviona kunataka kutumbulia macho moto wa nyuzi zaidi ya 1,000. Hapo ndipo mtindo wako utakapoonekana.

Chaguo la kwanza ni macho makavu. Chaguo la pili ni miwani ya jua ya barabarani, ile nyeusi ya kumfichia mtu hangover. Yote mawili yana matokeo yaleyale, maana miwani ya jua hupunguza mwanga lakini nyingi huiachia mionzi ya joto ipite. Tena gizani mboni hufunguka zaidi, basi jicho linapokea vizuri kuliko lingekuwa halina kitu. Ulaya wapuliza vioo walijulikana kwa miaka mingi kwa kupata mtoto wa jicho mapema, wakati wenzao wa rika lao bado wanasoma bila shida. Mwanzoni mwa karne ya 20 Waingereza waliuhesabu ugonjwa huo kuwa wa kazini, na mkemia William Crookes akakabidhiwa jukumu la kutafuta kioo kinachozuia mionzi hiyo. Ripoti yake iliwasilishwa mwaka 1913. Karne imepita, nasi bado tunachungulia kwa jicho moja tukikunja uso, kana kwamba mikunjo ni kioo.

Wengine hukimbilia kofia ya fundi wa kuchomelea kwa umeme, yenye kioo namba 10 au 11. Hiyo inazuia mionzi barabara. Inazuia pia kuona koni, kuona mlango, na kuona mtungi uliowekwa miguuni. Kinachofaa kinauzwa palepale dukani na kwa bei nafuu zaidi: miwani ya kijani ya kuchomelea kwa gesi, namba 3 mpaka 5, inayofunika na pembeni. Haipendezi kwenye picha. Kwa sababu hiyo hutaiona kwenye ripoti yoyote.

Mikono: gunia, taulo na urithi

Tumefika kwenye kiini cha fani. Mila inaruhusu gunia, kipande cha kitenge, au taulo la jikoni. Fundi hodari hulilowesha kwanza, akiamini maji yataupoza moto. Maji hupitisha joto zaidi ya mara ishirini kuliko hewa iliyonaswa ndani ya kitambaa kikavu. Kisha, yakishika nyuzi 100, huwa mvuke, nao haupati pa kutokea isipokuwa kuelekea kwenye vidole vyako. Ukitaka mikono iive bila kuungua kwa nje, njia ya taulo lililoloweshwa haina mshindani.

Mwenye uwezo hununua glavu iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwamba inahimili nyuzi 500. Aisome tena. Kipimo cha Ulaya cha glavu za joto, EN 407, kina madaraja manne ya kugusa kitu cha moto: nyuzi 100, 250, 350 na 500. Daraja hutolewa glavu ikichelewesha joto lisifike mkononi kwa angalau sekunde 15. Maana yake, glavu ya daraja la juu kabisa inakuahidi sekunde 15 kwenye nyuzi 500. Chungu kinachotolewa kingali chekundu kina karibu 900 au zaidi. Glavu haikuahidi chochote hapo, na wewe usiidai.

Zipo glavu za Kevlar, uzi uliogunduliwa na mkemia Stephanie Kwolek mwaka 1965 akiwa kampuni ya DuPont, walipokuwa wakitafuta nyuzi imara za matairi. Kevlar haiyeyuki, hustahimili mpaka zaidi ya nyuzi 400 kabla haijaanza kuharibika. Zipo za ngozi za fundi wa kuchomelea, ndefu mpaka kwenye kiwiko, zinazopatikana Gerezani au kwa mafundi wa Kamukunji. Ngozi nayo haiyeyuki. Ikizidiwa hunywea na kukakamaa, na ikishakakamaa imekwisha, hata kama kwa macho bado ni glavu. Itupe. Najua utaiweka akiba kwa ajili ya mgeni atakayekuja kukusaidia.

La mwisho ni glavu ya urithi: nyeupe iliyofifia, ya nyuzi nene, iliyoachwa karakanani na fundi wa zamani au kuokotwa kwenye stoo ya shule. Kama ni asbesto, na za umri huo nyingi ni asbesto, haitakuunguza kamwe. Vumbi lake litafanya kazi taratibu ndani ya mapafu kwa miongo, na saratani itakapokuja utakuwa umekwisha kustaafu. Usiipige vumbi kuisafisha. Itie kwenye mfuko mzito, uufunge, uwaulize watu wa mazingira wa halmashauri pa kuipeleka.

Aproni, na suti ya fedha

Aproni ya ngozi inayovuka magoti inatosha kwa kazi nyingi. Mtindo wa kisasa hata hivyo unataka mifuko mikubwa ya wazi kifuani, ya kupokea simu, kalamu na kaa la moto litakaloruka. Unataka pia vifungo vya plastiki, ili siku unapohitaji kuivua kwa sekunde mbili uvikute vimeungana kuwa kimoja. Wasio na mtindo hufunga kamba ya pamba nyuma, kwa fundo la kuvutika mara moja, na simu wanaiacha mezani.

Kwa wanaotoa vyombo tanurini vikiwa vyekundu, kuna nguo iliyopakwa alumini inayong'aa kama kioo cha kinyozi. Inarudisha mionzi ilikotoka, na mvaaji anaonekana amejiandaa kwenda mwezini. Uwezo wake wote uko kwenye kule kung'aa. Ikishapakaa masizi, inanyonya joto lilelile ililotengenezwa kulikataa. Vazi hili basi linamfaa fundi anayefua aproni yake. Mimi simjui.

Miguu

Kandambili ni nyepesi, huvaliwa bila kuinama, na huacha vidole vikitazama dunia. Gae la moto likidondoka, linatua juu ya mguu bila kikwazo, na kandambili yenyewe inaanza kulainika chini. Yeboyebo ina matundu, ambayo kaa la moto litayatumia vizuri. Gambuti inaonekana salama, lakini ni ya mpira au plastiki, tena mdomo wake uko wazi kwa juu. Kitakachoingia humo kitakaa humo mpaka uwe umeruka viunga vitatu.

Buti la ngozi la kufunga kamba, lenye soksi ya pamba au sufu, linashughulikia habari yote. Kuna jambo moja tu la kukumbuka: suruali ishuke nje ya buti, na isikunjwe kwa chini. Vijana huichomeka ndani ili buti lionekane, au huikunja ili soksi ionekane. Yote mawili ni mfuko wa kupokelea cheche.

Pua na kifua

Watu wengi huvaa barakoa ya kitambaa wakati wa kuchoma, wakiamini wamejikinga na hewa ya tanuri. Moto wa mkaa, gesi au kuni usiopata hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na haina habari na barakoa yako. Dawa yake ni dirisha, mlango, au kuliweka tanuri nje. Barakoa, tena ile ya N95 na si ya kitambaa, iwekee akiba ya siku unayokata au kufumua blanketi la nyuzi za kauri lililotandikwa ndani ya tanuri, na ya siku unayokwangua glezi iliyokauka. Mavumbi hayo mapafu hayawezi kuyarudisha.

Ukishaungua

Ukifuata mwongozo huu kikamilifu utafika hapa. Mila ya mtaa iko wazi: mmoja atakimbilia dawa ya meno, mwingine ute wa yai, wa tatu unga wa ngano, na bibi atatoa samli. Wote wakisikilizwa, majeruhi anapofika zahanati ana viungo vyote vya keki, na muuguzi ana kazi ya kumkwangua kabla hajamtibu.

Maji ya bomba ya kawaida, yakitiririka juu ya jeraha kwa dakika 20, yanafanya kazi ambayo stoo nzima ya jikoni haiwezi. Barafu haifai. Pete, saa na bangili zivuliwe mapema kabla ya uvimbe. Nguo iliyogandia kwenye ngozi isivutwe. Ikatwe pembeni yake na kuachwa hapo mpaka hospitali. Kisha funika kwa kitambaa safi au nailoni safi ya kufungia chakula, uende. Jeraha la usoni, kiganjani, kwenye kiungo, au lililo kubwa kuliko kiganja cha aliyeungua, halitibiwi nyumbani.

Methali ya mwajiri

Kila karakana ina methali yake ukutani. Kwa mwajiri asiyenunua vifaa, methali hiyo ni "Ajali haina kinga". Anaitoa kwa sauti ya huzuni, fundi akiwa amefungwa bandeji, na mara nyingi huongeza pole ya elfu kumi. Muulize taratibu kama aliwahi kununua kinga, ndipo ajue kama ajali inayo au haina. Sheria ya Tanzania ya usalama na afya mahali pa kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga. Ya Kenya ya 2007 inamtaka hivyohivyo. Hakuna mahali zilipotaja fulana yenye nembo.

Mfadhili naye aulizwe. Kikundi kikiletewa hundi, bango la mradi hupakwa rangi kwanza, kisha zinafuata fulana, reflekta, chakula cha uzinduzi na posho ya mgeni rasmi. Mwisho kabisa, kama kimebaki kitu, inanunuliwa jozi moja ya glavu ya kutumiwa kwa zamu na watu wanane. Mwenyekiti huifungia kabatini isichakae.

Kinga isiyouzwa dukani

Turudi sasa kwa wale watu wasiojua mitindo, wenye maswali ya uzi, umbali na muda. Wanachokijua ni hiki. Ukisogea nyuma mara mbili ya umbali uliosimama, joto linalokupiga kutoka kwenye tundu hushuka mpaka karibu robo. Ndiyo maana anayechomea vyungu uwanjani huvitoa motoni kwa mti mrefu. Mti huo hauna cheti cha Ulaya, lakini umewalinda wafinyanzi kabla ya Kevlar na utawalinda baada yake. Koleo refu la chuma ni mti huohuo ulioenda shule.

Baada ya umbali kuna muda. Tanuri likizimwa liache. Watu wengi huungua kwa haraka ya kuona glezi imetokaje, au kwa sababu mteja amepiga simu mara ya tatu. Hata chungu hakipendi haraka hiyo. Upepo wa baridi ukikipata kingali na moto hupasuka, na hapo umepoteza nyusi na mali kwa pamoja.

Basi ukiwa na fedha ya kununua vitu vichache tu, anza na miwani ya kijani na glavu ndefu za ngozi, kisha buti, kisha aproni. Nguo za pamba huenda tayari unazo kabatini. Zipitishe kwenye kiberiti ujue. Jezi ivae Jumamosi uwanjani. Na mlango wa tanuri usiufungue mpaka kipimo kishuke chini ya nyuzi 100, hata kama mteja ni mheshimiwa.